Kuirudisha injini ya Beetle kama ilivyotoka kiwandani

Nianze moja kwa moja. Ukifungua boneti ya nyuma, ndo injini iliko, ya Volkswagen Beetle nyingi hapa Dar utakutana na kitu kilekile, bati la feni limepigwa rangi nyekundu au limewekwa kromu, ea klina (kichujio cha hewa) ya kiwandani ilishatupwa na mahali pake pana kile kichujio kidogo kinachong'aa, nyaya za plagi za njano, na mwenye gari kasimama pembeni anafurahi. Mi siwalaumu, watu wanapenda gari zao na wanazipamba. Ila kwa Beetle nimefika mahali nasema hapana, kwa sababu kwenye injini hii sijaona kitu kilichowekwa kwa ajili ya urembo, bati lile lina kazi, raba ile ina kazi, hata kile kiraba cha kwenye waya wa plagi kina kazi, na ukiurudisha muonekano wa kiwandani unakuwa umerudisha na afya ya gari.

Yangu ni 1500 (ndo ukubwa wa injini, karibu cc 1500) ya mwaka 1968, umeme wa volti 12, nguvu ya farasi 44, kabureta Solex 30 PICT-2. Ilikuwa ya baba mdogo, kakaa nayo Morogoro miaka mingi alafu ikapaki. Namba ya injini inaanza na H, imegongwa kwenye kesi, yaani ganda la injini, chini kidogo ya kile kisimamio cha dainamo, na hiyo H ndo herufi ya injini za 1500, kwa hiyo nilikuwa na uhakika injini ni ya gari za aina hii haikubadilishwa na ya 1300. Hilo kwangu lilikuwa muhimu kuliko hali ya bodi. Maana vingine vyote vilikuwa vimevurugwa: kesi imepigwa silva, mabati ya silinda mekundu, mengine hayapo kabisa, raba ya kuzunguka injini haipo, hosi mbili kubwa za kupeleka hewa kwenye hita zimeng'olewa na matundu yake yameachwa wazi. Na gari ilikuwa inachemka, kila mtu anasema Beetle ndo zilivyo, huku kwetu joto.

Hapana, sio joto. Ngoja nieleze maana hapa ndo kwenye utamu wenyewe.

Injini hii haina rejeta wala maji. Silinda nne zimelala, mbili kulia mbili kushoto, na feni imefungwa kwenye shafti ya dainamo, inazungushwa na ile belti moja, ndo maana belti ikikatika taa ya dainamo ikiwaka unatakiwa usimame hapohapo, kwa sababu feni nayo imesimama. Hewa ya baridi inaingia kwenye vile vipenyo chini ya kioo cha nyuma, feni inaivuta, lile bati kubwa linaigawa kushoto na kulia, inashushwa kwa nguvu katikati ya mapezi ya silinda na hedi, alafu ikishakuwa ya moto inatokea chini ya gari. Sasa chumba cha injini kimefungwa pande zote kwa mabati na raba ili juu na chini visikutane. Ukitoa raba, ile hewa ya moto iliyotoka chini inapanda tena juu, feni inaivuta, inairudisha kwenye silinda, inazidi kuwa ya moto, inarudi tena. Ukiacha tundu la hita wazi, hewa inakimbilia pale penye upenyo na silinda zinapata kilichobaki. Na kwenye mfumo huu wa zamani kabla hawajabadilisha kwenye modeli za 1971, kula ya oili (kipoza oili, oil cooler) imesimama ndani ya bati la feni juu ya silinda namba 3, kwa hiyo namba 3 ndo inaonewa siku zote, ikipungukiwa hewa hata kidogo vali yake ya ekzosti ndo ya kwanza kuondoka.

Kuna mzee mmoja fundi, kazishika Volkswagen toka ujana wake, nilimpelekea mabati yangu nikamwambia mzee naomba uniangalie kipi kimepungua. Kayapanga chini kwenye gunia moja moja, akanyamaza, alafu akaniambia "Mwanangu, hedi yako haikuuliwa na jua, imeuliwa na matundu." Akanionyesha na vile viraba vya plagi, kila waya unapopita kwenye bati kuna raba ya duara inaziba lile shimo, kwangu nne zote hazikuwepo. Shimo la upana wa kikombe cha kahawa, mara nne, hewa yote inavujia hapo na mwenye gari analalamikia oili.

Basi kazi ikaanza. Kesi ya injini ni ya magnesiam, kiwandani haikupigwa rangi, ilikaa na kijivu chake. Ile silva nimeitoa taratibu kwa rimuva na brashi laini na mafuta ya taa, na hapa naomba mtu asije akashawishiwa apige mchanga kesi, chembe za mchanga zinaingia kwenye njia za oili na hutazitoa zote, zitakuja kula beringi. Mabati ndo unaweza kupiga mchanga, nayo uyaoshe sana, hasa lile kubwa la feni maana ndani lina kona kona. Alafu rangi nyeusi. Sio ile nyeusi ya kioo ambayo unajiona sura, kiwandani ilikuwa nyeusi yenye mng'ao wa wastani, na watu wengi hata wanaojitahidi kurudisha orijino wanakosea hapa, wanaweka lakeri juu ya lakeri mpaka injini inakuwa nzuri kuliko ilivyowahi kuwa. Gari hii ilitengenezwa iwe ya mtu wa kawaida. Mi naheshimu hivyo. Puli nyeusi, ea klina nyeusi, koili nyeusi, nyaya za plagi nyeusi. Kabureta inabaki na rangi yake ya madini, inaoshwa tu. Silinda zenyewe ni chuma, usizipake rangi nzito maana unayavisha koti yale mapezi yanayotakiwa kutoa joto.

Skrubu zimenichukulia muda kuliko nilivyotegemea na nimezipenda sana. Mabati ya kiwandani yalifungwa kwa skrubu za M6 zenye kichwa cha duara kilichonyooka pembeni na mfereji mmoja wa bisibisi bapa, yangu zilikuwa mchanganyiko, za nyota, za mbao, nyingine wamekandamiza tu waya. Nimekusanya za zamani kidogo kidogo pale mtaa wa Gerezani hapahapa Dar kwa wauza spea za kale, zilizokuwa na kutu nikazipeleka kuchovywa zinki. Mtu mwingine akiangalia hataona tofauti, mi naiona.

Rangi ya bodi ndani ya chumba cha injini nayo ina hadithi. Kuta za kile chumba na upande wa ndani wa boneti zilipigwa rangi ileile ya gari, hazikuwa nyeusi. Gari yangu imeshapakwa bluu, kijani, tena bluu. Nilipong'oa lile boksi gumu jeusi la lami lililobandikwa ukuta wa mbele kuzuia kelele, nyuma yake rangi ya kwanza ilikuwepo safi kabisa, nyeupe ya maziwa, ile wanayoiita Lotus White, namba ya rangi L282. Nilikaa pale naitazama kama dakika nyingi hivi. Hiyo ndo nimerudisha, na boksi jipya la lami likabandikwa juu.

Kwenye petroli sina utani. Kiwandani hakukuwa na filta ya plastiki inaning'inia kati ya pampu na kabureta, ile ni ya mafundi wa baadae, na inakaa juu ya distributa kabisa. Uzito wake na mtetemo wa injini vinavuta ile paipu ndogo ya shaba inayoingilia kabureta mpaka inachomoka, petroli inamwagika kwenye cheche, na kesi ya magnesiam ikishashika moto maji yanauchochea. Kwa hiyo toa hiyo filta, ihamishie chini kwenye upande wa giaboksi, weka hosi mpya zile zenye kitambaa cha nje kama za zamani lakini za leo leo, zibadilishe kabla hazijapasuka, na nunua mtungi wa poda ukae ndani ya gari. Hosi ya mwaka 1968 hata kama ni orijino mi siitaki.

Ea klina ya oili nayo watu wanaidharau, wanasema ni nzito ya kizamani. Ile hewa inapigishwa kwenye oili, vumbi linabaki chini kama tope, unafungua unamwaga unajaza mpaka kwenye alama, hununui filta. Kwa barabara zetu sioni cha kuishinda. Beetle zilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi mashindano yanapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na gari zilikuwa karibu kabisa na zile za dukani, sasa vumbi lile la zamani likipita kwenye kichujio cha kromu cha siku hizi sijui pistoni zingefika wapi.

Thermostati, kile kifaa cha kurekebisha joto la injini, ndo tulibishana na mzee kidogo. Yeye anasema mwanangu huku kwetu hakuna baridi, acha. Mi nimeitafuta na nimeifunga, ile iliyoandikwa nyuzi 65 mpaka 70, pamoja na vile vilango vyake ndani ya bati la feni, kwa sababu asubuhi injini ipate joto lake haraka oili ilainike, alafu vilango vifunguke vyenyewe. Kaangalia nimevifunga, kavisukuma kwa kidole vikafunguka na kurudi, akasema haya, vinafanya kazi, viache.

Gari sasa inapanda mlima Kitonga kwenda Iringa na oili haisumbui. Nimebakiza zile hosi mbili za karatasi za hita, nilizonazo ni za plastiki nyeusi, zinaziba vizuri lakini sio zenyewe, na stika ya ea klina bado sijapata inayosomeka. Kuna jamaa Nairobi anaenda na gari yake Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, ile iliyoanza mwaka 1970, kaniahidi kuniulizia hosi kwa wenzake, nikizipata nafungua bati nazibadilisha wikiendi hiyohiyo.