Kumbukumbu ya mradi wa Greenland: mwezi wa kujifunza kusema

Mwezi huu hatukuongeza tairi hata moja. Waliotuzoea kule Luchelele, hapa Mwanza, tukikokota matairi ya gari mchangani kama mazoezi ya kuvuta mzigo, bado wanauliza kila mtu amefikisha mangapi. Ni mawili, kama zamani. Miguu ya kundi iko vizuri. Kazi iliyobaki iko mdomoni.

Kwa msomaji mpya: tuko sita, wote wa hapa Mwanza, na tunajiandaa kuuvuka uwanda wa barafu wa Greenland, kisiwa kikubwa cha kaskazini ya mbali, kwa skii (mbao nyembamba za kuteleza juu ya theluji, zinazofungwa miguuni), kila mmoja akivuta sleji (kigari kisicho na magurudumu, cha kuburuta barafuni) yenye chakula, mafuta na vifaa vyake. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Fridtjof Nansen, aliyeongoza msafara wa kwanza kuuvuka, mwaka 1888, naye alikwenda na wenzake watano. Sita ni idadi nzuri: mahema mawili, watu watatu kila hema.

Sasa, sisi tumelelewa kuvumilia. Mtoto akianguka anaambiwa ajikaze, na mtu mzima akijikwaa mbele ya watu anasema si kitu. Malezi hayo yamenisaidia katika mengi na sitayasema vibaya. Lakini kwenye barafu, anayenyamaza anawaweka hatarini wote. Ngozi ya pua au shavu ikianza kuganda hufa ganzi, kwa hiyo mwenyewe hahisi, wala hawezi kujiona uso. Mwenzake ndiye anayeona. Maelezo mengi yanasema utafute weupe. Kwenye ngozi nyeusi tunajifunza kutafuta rangi ya majivu na mng'ao wa nta. Jasho nalo ni hivyo hivyo. Ukivuta kwa pupa ukalowa ndani ya koti, ukisimama tu ule unyevu unakunyang'anya joto. Mmoja akilowa, wote wanasimama kumhudumia, na wakisimama wote wanapoa.

Nimekuwa nikisoma habari za Robert Scott, mpelelezi Mwingereza, na wenzake wanne, waliofika Ncha ya Kusini tarehe 17 Januari 1912, wasirudi hata mmoja. Mwenzao Lawrence Oates aliwaonyesha vidole vyake vya miguu mwanzoni mwa Machi, vikiwa vimeshaharibika vibaya. Sidai kwamba angesema mapema wangepona; njaa, baridi na umbali vilikuwa vimewazidi. Ila huwa nazifikiria zile siku alizotembea na maumivu yale peke yake.

Mwanzoni kwenye mapumziko nilikuwa nauliza, "Vipi huko nyuma?" Najibiwa "tupo", "fresh", "twende kazi". Sikupata habari yoyote humo. Sasa tunauliza vitu vitatu kwa majina: vidole, jasho, tumbo. Kila mtu anajibu kabla hajagusa maji, na mdogo kuliko wote ndiye anayeanza. Hilo la mdogo kuanza limebadilisha kundi kuliko zoezi lolote. Mzee wetu akishatangulia kusema yuko imara, kijana gani atafungua mdomo kusema amechoka?

Jumamosi moja fundi pikipiki, ambaye ndiye mdogo wetu, alisema kisigino kimeanza kumwaka moto. Tukasimama, akabandikwa plasta kabla ya lengelenge kutokea. Zamu ikazunguka mpaka ikamfikia Mzee. Akakaa kimya kidogo, kisha akavua kiatu. Lengelenge lake lilikuwa limeshapasuka, ametembea nalo tangu asubuhi. Nesi wetu akapiga magoti mchangani, akasema, "Shikamoo Mzee, lakini mguu huu ni wetu sote." Mzee akajibu "Marahaba, mwanangu," akaunyoosha. Tangu siku ile hajaficha kitu, na vijana wanaona.

Aliyeelewa haraka kuliko sisi sote ni mvuvi wa dagaa. Anasema usiku ziwani, anayeona maji yanaingia mtumbwini hapigi hodi kwa nahodha. Anapiga kelele, awe mkongwe au amepanda chombo jana.

Kuhusu mwendo tulibishana sana. Mwalimu ndiye wa polepole, naye hataki kusaidiwa. Mimi naamini mwendo wa kundi ni wa aliye nyuma, na mzigo unapaswa kuhama kabla mtu hajavunjika. Tumekubaliana iwe kanuni, isiwe huruma: atakayekuwa wa mwisho saa mbili mfululizo, tairi lake moja linahamia kwa mwingine bila mjadala. Mwalimu alilitoa lake akiwa amekunja uso. Saa iliyofuata alishika dira na kutuongoza, na hakuna kati yetu anayeshika mwelekeo vizuri kama yeye.

Hema tunalisimamisha jioni, upepo wa ziwa ukiwa mkali, tumefungwa vitambaa machoni na kuvaa glavu nene. Kanuni ni moja: hema halitoki mfukoni kabla halijafungwa kwenye sleji, lisije likapeperushwa.

Kwa wanaosema watu wa joto tutafuata nini kwenye barafu: mwaka 2009 kundi la wanawake wa nchi za Jumuiya ya Madola liliteleza kwa skii hadi Ncha ya Kusini, na ndani yake walikuwamo wa Brunei na Singapore, ambako theluji haianguki.

Mwezi ujao tunaingia kwenye baridi ya kweli. Kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kimekubali kutupa nafasi katika chumba chake cha kuhifadhia, nyuzi 18 chini ya sifuri. Tutaingia watatu watatu, nesi akiwa mlangoni na saa mkononi. Kazi za ndani ni kuunganisha nguzo za hema, kufunga mikanda bila kuvua glavu, na kukaguana nyuso kila baada ya dakika chache. Bado tunatafuta jozi mbili za glavu nzito, saizi kubwa. Mwenye nazo aniandikie.