Wakili wangu wa pili

Wapendwa, kesi yangu ya talaka imeisha hapa Moshi na watoto ninao mimi. Nawaandikia akina mama mnaoniuliza inboksi kuhusu mawakili.

Wa kwanza alichukua hela, kisha simu zangu zikawa hazipokelewi. Kesi inatajwa, nasimama peke yangu, inaahirishwa. Iliniuma mno, hela ile ilikuwa ya ada ya shule.

Wa pili, mama mtu mzima, kabla ya kugusia malipo aliniuliza, "Baraza la kata mmeshapita?" Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, mahakama kwa kawaida haipokei maombi ya talaka bila hati ya Baraza la Usuluhishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kuhusu watoto, alisema sheria inadhania wa chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama, ila dhana hiyo hupingika. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Akanituma nikatafute kadi za kliniki na risiti za ada. Na ile nyumba niliyoambiwa haina jasho langu? Akanionyesha hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983: kazi za nyumbani nazo ni mchango. Nililia pale pale ofisini kwake.

Dai risiti, dai nakala ya kila kinachopelekwa mahakamani. Asiye na uwezo aulizie msaada wa kisheria, sheria yake ipo tangu 2017. Anayeogopa kwenda barazani peke yake aniambie, nitamsindikiza.