Jinsi ninavyomtengenezea sungura wangu vya kuchezea na vya kutafuna hapa Mwanza

Tangu nilipoanza kumfuga Sato, sungura jike mweupe mwenye masikio ya kijivu, nimepewa ushauri mwingi usio na kichwa wala miguu. Wapo walioniambia nimpe karoti asubuhi na jioni, wapo waliosisitiza mkate mkavu ili meno yake yasirefuke, na muuzaji mmoja wa vyakula vya mifugo alinishauri nimpe magunzi ya mahindi, akiapa kwamba hakuna kitu bora zaidi cha kuguguna. Ushauri huo wa mwisho ndio ulioniudhi kuliko yote. Vipande vya gunzi havisagiki tumboni, vinaweza kuziba utumbo, na sungura hana uwezo wa kutapika. Mkate na karoti nyingi navyo vinaingiza wanga na sukari ambavyo huvuruga vijidudu vyema vya tumboni vinavyomsaidia kusaga nyasi.

Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka takriban milimita 2 kila wiki, na kinachoyapunguza si ugumu wa mkate, bali ni kutafuna nyasi kwa saa nyingi huku taya zikienda upande mmoja na mwingine. Nyasi, mbichi na kavu, ndizo zinazopaswa kuwa asilimia 80 au zaidi ya chakula chake. Kwa hiyo niliamua kwamba kila nitakachomtengenezea Sato, kiwe cha kuchezea au cha kutafuna, kitokane na nyasi au kimlazimishe kuzitafuta.

Vijiti vya mpera havina hadithi ndefu: unakata, unaosha, unaanika mpaka vikauke, basi. Maboksi ya karatasi ni hivyo hivyo, ilimradi umebandua utepe wote, umeng'oa pini na umeepuka yale yenye rangi za kung'aa.

Kazi iliyonipa raha, na iliyonisumbua kabla ya kunipa raha, ni ile ya magugu maji. Gugu hili liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo linawafungia wavuvi njia, lakini vikonyo virefu vya majani yake vikikauka huwa vyepesi, vyenye nyuzi, na sungura huvipenda kuvichana. Mara ya kwanza nilivisuka vikiwa vibichi, kwa kuwa vilikuwa laini na vilitii mkono vizuri ajabu. Nilipata mpira mzuri, umekaza, wa kijani kibichi, nikauweka juu ya jabali nyuma ya nyumba ili ukauke. Sehemu kubwa sana ya mmea huu ni maji. Baada ya jua kali kuyafyonza, msuko ule uliokuwa na unene wa kidole gumba ulibaki mwembamba, mafundo yote yakalegea, na nilipounyanyua ulifumuka mkononi ukabaki rundo la nyuzi za kahawia.

Dawa yake ni kugeuza utaratibu. Sasa ninaanika vikonyo kwanza, kimoja kimoja bila kuvirundika, juu ya majabali yetu haya ya Mwanza ambayo ikifika saa sita mchana huwezi kuyakanyaga peku. Vikishakauka kabisa, ninavinyunyizia maji kidogo na kuvifunga ndani ya kitambaa usiku kucha. Asubuhi vinakunjika bila kukatika na havina tena maji ya kupoteza, kwa hiyo msuko haulegei. Ninasuka vitatu vitatu kuwa ukili, ninauzungusha kuwa mpira wenye uwazi katikati, kisha ninaufunga kwa utepe uliochanwa kutoka ganda la nje la hindi. Situmii uzi wala kamba ya nailoni mahali popote, kwa sababu chochote kilichomo kwenye mpira huo kitaishia tumboni. Ule uwazi wa katikati ninaujaza nyasi kavu na majani machache ya mrehani au nanaa, na Sato huusukuma kwa pua sakafuni, akausimamisha ukutani, akaanza kuvuta jani moja moja.

Mahali pa kuchuma magugu pana uzito wake. Mmea huu hunyonya madini mazito kutoka kwenye maji machafu, kwa hiyo sichumi karibu na mto Mirongo unapoingilia ziwani wala kwenye mitaro ya mjini. Ninakwenda upande wa Luchelele. Siingii majini kwa miguu mitupu, maana kichocho kipo kwenye fukwe zetu, na mara nyingi ninachukua yale ambayo upepo umeshayasukuma nchi kavu. Majani mabichi ya gugu hilo simpi ale.

Kwa vitafunwa, maelekezo niliyoyakuta kwanza yalidai asali na oti za kopo. Asali niliitupa nje ya hesabu siku ile ile, na bei ya oti ilinifanya nifikirie upya. Ninachotumia ni nyasi kavu za kijani, majani makavu ya matembele na kiasi kidogo cha mlonge, yote yakiwa yamekaushwa kivulini ili yasipauke, kisha yanatwangwa kwenye kinu na kuchekechwa. Kinachoshikamanisha unga huo ni ndizi mbivu, kipande kidogo kwa vikombe viwili hivi vya unga, pamoja na maji ya kutosha kuufinyanga. Ninasukuma donge mpaka liwe bapa, halafu ninakata kwa kizibo cha soda, ambacho kinatoa ukubwa unaofaa, na meno yake pembeni yanaacha pambo zuri.

Sina tanuri, kwa hiyo ninaoka kwa moto wa kupalia: mchanga mkavu chini ya sufuria, bati juu ya mchanga, mkaa kidogo chini na mdogo zaidi juu ya mfuniko. Moto ukizidi, majani yanaungua na kutoa harufu ya tumbaku. Vikitoka ninavimalizia juani chini ya kipande cha chandarua mpaka vigongane kama kokoto, na wakati wa masika ninavirudisha jikoni siku ya pili, kwa kuwa unyevu mdogo tu unaleta ukungu. Sato hupata kimoja kwa siku, na mara nyingi ninakificha ndani ya mpira wake ili akihangaikie.

Jirani yangu, mzee anayewafugia wajukuu wake sungura wawili, alinikuta nikivipanga kwenye kopo.

"Binti, hayo yote ya nini? Karoti moja si inatosha?"

"Baba, karoti ni kama pipi kwao. Kipande cha ukubwa wa ukucha kinatosha, tena si kila siku."

Nilimpa vichache na mpira mmoja, nikamwomba asiwape kabisa parachichi, vitunguu wala majani ya nyanya, kwa sababu hivyo vina sumu kwao. Nilimwambia pia aangalie kinyesi kila asubuhi: vidonge vikiwa vidogo, vichache au vimekosekana, vitafunwa visimame, nyasi na maji vibaki, na sungura akipitisha muda wa saa 12 bila kula aitwe daktari wa mifugo hapo hapo. Gharama zangu zote ni ndizi, mkaa kidogo na nauli ya daladala. Jumamosi ijayo mzee ataleta wajukuu wajifunze kusuka, na nimeshawaanikia vikonyo vyao.