Siku moja na wanyama walioachwa, nje kidogo ya mji wa Mtwara

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla sijavuta komeo nasimama nje ya banda nisikilize. Mbuzi wanalia, punda dume anapiga kwato akidai chakula. Punda jike aliyekuja juzi kimya.

Tulimkuta kando ya barabara ya Nanyamba, mgongo umechunika kwa kubebeshwa madumu, kwato zimerefuka hadi zimepinda. Hakuna aliyejitokeza kusema ni wake.

Saa kumi na mbili. Chakula. Kwake hapa ndipo penye hatari. Mnyama aliyekonda kwa njaa ukimjazia pumba siku ya kwanza unaweza kumuua, maana mwili umeshazoea kutopata. Tunampa nyasi kavu konzi kwa konzi, kila baada ya saa chache, usiku pia. Na asipogusa kabisa ni hatari vilevile: punda akigoma kula, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na kuharibu ini. Leo ametafuna. Nimefurahi mno.

Saa mbili naosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Babu tunayefanya naye kazi anamshika kichwa.

"Usimwendee kwa nyuma, mwanangu. Akuone kwanza."

"Sawa, babu."

Saa nne bwana mifugo wa kata amekuja kuwatazama mbuzi wageni. Hao wanakaa zizi la peke yao, na ndoo yao ya maji haichanganywi. Watu huona ni ukali, lakini sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa kuambukiza unaoua, iliwahi kuingia Tandahimba na Newala, na huingia hivihivi, na mbuzi mmoja mgeni.

Mchana jua kali, maji tu na kivuli. Kijana mmoja amepita kuuliza kama tunauza punda. Hatuuzi. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, nami naunga mkono kwa moyo wote.

Saa nane simu inaita. Ndama amevamia mabibo chini ya mikorosho, ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma. Msimu wa korosho haya ni mambo ya kawaida: tunda tamu likijaa tumboni linachacha. Tumefika na bwana mifugo, tumemsimamisha mwinukoni, miguu ya mbele juu, akanyweshwa dawa. Tumekaa hadi akacheua gesi.

Mwenyewe, mzee wa makamo, akasema, "Mchukueni tu. Sina hela ya dawa."

Nimekataa, tena kwa heshima zote. Gharama ya dawa tumebeba sisi, ndama amebaki kwake. Wengi wa wanyama tunaowaokota hawakuachwa na watu katili, waliachwa na watu walioishiwa. Ningependa pesa nyingi zaidi ziishie kwenye mazizi ya wenyewe, kabla mnyama hajafika barabarani.

Saa kumi na mbili jioni punda jike amepata nyasi zake tena. Jumamosi tutaanza kumpunguza kwato, kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kwa sababu ukizikata zote kwa mkupuo unamtia maumivu mapya. Zamu ya saa nne usiku ni ya babu, ya saa nane ni yangu.