Vumbi la marudio ya dhahabu linavyoingia mtoni

Mnaopima maji karibu na malundo ya marudio ya dhahabu (mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu) yaliyotelekezwa Johannesburg, msisubiri mto ufurike. Upepo wa Agosti hupeperusha vumbi laini hadi kwenye mapaa, mitaro na mabwawa. Lina pairaiti, madini ya chuma na salfa, ambayo ikikutana na hewa na maji huzaa asidi ya salfa, nayo huyeyusha metali, urani ikiwemo. Mvua za kwanza, kwenye Oktoba hivi, husomba yote kwa mkupuo hadi mtoni. Chukueni sampuli saa hizo hizo. Watu wananywesha mifugo humo!

pH (kipimo cha uasidi wa maji) pimeni palepale. Sampuli ya metali zilizoyeyuka ipitishwe kwanza kwenye kichujio chenye matundu ya mikroni 0.45 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ndipo itiwe asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ukitanguliza asidi, vumbi lililomo litayeyuka na kipimo kitapanda kwa uongo.