Ile bomba chini ya SMG

Wenye kuijua Bombo, mji wa kambi ya jeshi hapa Uganda, wanajua, huku mambo ya bunduki huyatafuti mbali, karibu kila kibaraza kina afande mstaafu. Juzi kwenye kibanda cha chai ubishi ulikuwa kuhusu ile bomba fupi nene inayofungwa chini ya mtutu wa SMG (huku SMG ndiyo AK, tusianze). Jamaa mmoja anasema ni tochi, mwingine eti ya kupunguza kelele. Mzee akacheka mpaka chai ikammwagikia. "Nyinyi watoto, hiyo inarusha guruneti!"

Basi nikaingia kusoma na kumbe hiyo kitu imewasumbua watu miaka mingi. Shida yenyewe iko hivi, guruneti la mkono unalitupa mita 30 au 40 hivi, mota (kimzinga cha kurusha mabomu juu) inafika mbali lakini ni nzito na inataka watu wake, sasa adui akijificha nyuma ya ukuta mita 150 mbele yako unamfanyaje?

Vita vya kwanza vya dunia Waingereza walikuwa na guruneti lenye fimbo ya chuma, unaichomeka mtutuni halafu unafyatua risasi isiyo na kichwa, linaruka. Linaruka kweli, ila mtutu nao unaharibika. Wafaransa 1916 wakaleta Viven-Bessières na hapo nawavulia kofia: kikombe kinavalishwa mdomoni mwa bunduki, guruneti lina tundu katikati, unapiga risasi ya kawaida kabisa, inapita kwenye tundu na kuwasha fyuzi (kile kinacholipua guruneti) njiani, gesi inayofuata nyuma ndiyo inalisukuma guruneti. Lakini teke lake si mchezo, na guruneti likishakaa pale mdomoni bunduki si bunduki tena mpaka ulirushe.

Wamarekani wakaona afadhali kutengeneza silaha ya peke yake, M79, ikaingia jeshini 1961. Inakunjuka katikati kama shotigani, unaweka guruneti moja la milimita 40. Utamu uko ndani ya ganda, na wazo lenyewe lilitoka kwa Wajerumani wa vita vya pili: baruti inaungua kwenye kijichumba kidogo chenye presha kali, gesi inatokea kwenye vitundu na kuingia chumba kikubwa ambako presha inashuka sana, kwa hiyo guruneti linasukumwa polepole, mita 76 tu kwa sekunde, na bega la askari linabaki salama. Alafu fyuzi haiko tayari mpaka guruneti lizunguke na kwenda angalau mita 14 hivi, likigonga mti hapo mbele ya pua yako halilipuki.

Tatizo ni moja tu, mwenye M79 hana bunduki, ana bastola. Vietnam msituni adui anatokea mita 10 mbele yako, guruneti halifai, bastola nayo... mh. Ndiyo wakaanza kufunga kirushio chini ya M16, bunduki yao ya kawaida. Cha kwanza, XM148, kiliwatesa, kukikoki kwenyewe kazi, na kifyatulio chake kirefu kilikuwa kinanasa vitu. Ndiyo ikaja M203 mwaka 1969, mtutu unasogea mbele, unaweka guruneti, unarudisha, basi.

Warusi wao GP-25 mwaka 1978, hiyo ndiyo tuliyokuwa tunabishania, na kwangu ni bora kwa askari wa kawaida. Guruneti lake halina ganda, baruti iko matakoni mwake, unalisukumia mdomoni mpaka likae na uko tayari, hakuna ganda la kutoa. Lingine, VOG-25P, likigonga chini linaruka juu kwanza ndiyo lilipuke, kwa hiyo kulala kifudifudi hakukusaidii sana. Kitu kibaya kweli.

Nilipomwambia mzee akauliza swali moja tu, "Uzito?" Kilo moja na nusu, yaani unabeba chupa ya maji ya lita moja na nusu mbele ya bunduki siku nzima, na maguruneti yenyewe hujayahesabu. Akaguna. Na si yeye peke yake, maana M320 ya Wamarekani iliyokuja kuchukua nafasi ya M203 unaweza kuifunga chini ya bunduki au kuitoa, ukaipa kitako chake na kuibeba pembeni kama zamani enzi za M79, ila safari hii bunduki yako unabaki nayo.