Leo nimeionja Trooper ya Iron Maiden

Jamani, hatimaye nimeipata!

Trooper, bia inayotengenezwa na kiwanda cha Robinsons hapa Stockport, Uingereza, tangu 2013. Bruce Dickinson, mwimbaji wa bendi ya roki ya Iron Maiden, alikaa mwenyewe na watengenezaji kuitafuta ladha. Hilo ndilo lililonivutia.

Kwenye lebo yuko Eddie, yule kiumbe wa kutisha ambaye ni nembo ya bendi, na koti lake jekundu, bendera mkononi.

Kilevi asilimia 4.7, rangi kama asali. Funda la kwanza ni utamu wa kimea. Halafu uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, unakuja taratibu, unakaa nyuma ya ulimi, na harufu ya limau kwa mbali.

Nimewasikiliza hawa watu tangu kanda za kaka yangu. Nikafumba macho kidogo, nywele zikanisimama.

Wapenzi wa roki mko wapi? Nani kaionja? Na nyama choma itakubali?